Kulizunguka Pipa kwa Ubavu

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha asubuhi. Tulikuwa walimu wawili na Mkurugenzi, yaani shule nzima ya udereva ukiondoa magari. Mkurugenzi, mama asiyerudia neno, ametangaza kwamba tunafungua Darasa la Mtelezo. Madereva watafundishwa kuliongoza gari ambalo limeshaacha kuongozeka. Darasa linahitaji Mkuu. Mkuu atapewa ofisi yenye mlango.

Nina miaka kumi na nane hapa na sijawahi kuwa na mlango. Meza yangu iko kwenye korido, kati ya ndoo ya kudekia na ubao wa alama za barabarani. Kila anayekwenda msalani hunisalimia. Akirudi hunisalimia tena, kwa haya kidogo.

Mshindani ni mmoja tu: Mwalimu Taratibu. Ni mama wa miaka hamsini na nane, anakalia mto aliojishonea mwenyewe, na hakuna aliyewahi kumwona akivuka kilomita arobaini kwa saa. Jina alipewa na wanafunzi, naye analiitikia. Nilitegemea atajitoa mwenyewe. Hakujitoa. Alisema atajaribu, halafu akafungua chupa yake ya chai.

Jaribio ni Jumamosi saa nne asubuhi, kwenye uwanja wetu wa mazoezi. Saruji itamwagiwa maji na sabuni. Katikati litawekwa pipa la bluu. Mwalimu aliingize gari kwenye mtelezo, kisha alizunguke pipa kwa ubavu, pua ndani, mkia nje, raundi moja kamili, bila kusimama na bila kugusa pipa. Vijana huita drifti. Mkurugenzi anaita udhibiti.

Magari ni mawili. Kuna Mzee, saluni ya zamani ambayo injini yake husukuma magurudumu ya nyuma tu. Na kuna Jipya, ambalo injini yake huzungusha yote manne. Mkurugenzi alikuwa hajamaliza kuuliza nani anataka lipi, mkono wangu uko juu. Nimechukua Jipya. Taratibu amebaki na Mzee.

Hesabu haihitaji kalamu. Manne ni mara mbili ya mawili.

Nyumbani nimemwambia mke wangu kwamba nimepata ukuu. Nilikusudia kusema naelekea kuupata, lakini sentensi ilikuwa ndefu. Ameshampigia mama yake.


Jumanne, 4 Machi

Mama mkwe atakuja Jumamosi kuniona. Amesema anataka kuuona na mlango.

Asubuhi nimetazama video tatu za drifti kwenye simu ya mke wangu. Kanuni ni hizi. Ingia kona kwa gia ya pili. Vuta breki ya mkono, magurudumu ya nyuma yagande, mkia utoke. Achia. Geuza usukani kuelekea kule mkia ulikokimbilia, ugeuze wote. Kanyaga mafuta. Basi! Mtoto angeweza.

Sikuona haja ya kuendesha mwenyewe. Kutoka kiti cha mwalimu, chenye breki yake na klachi yake, nimewatoa madereva zaidi ya elfu mbili. Ujuzi uko kwangu. Mwanafunzi ni mikono na miguu. Kwa hiyo nimemtumia mwanafunzi wangu wa saa nne, mkunga mstaafu ambaye amefeli mtihani wa kuegesha mara saba na haogopi kitu chochote duniani. Ananiita mwanangu, ingawa mwalimu ni mimi.

Nikamwambia leo hatuegeshi. Akasema afadhali.

Gia ya pili. Kona. Nikasema vuta, akavuta. Jipya likatoa sauti kama kabati la vijiko lililoanguka kwenye ngazi, kisha likaendelea mbele kama vile hakuna aliyesema neno. Mkia haukutoka.

Mara ya pili tuliiacha breki ya mkono. Nikamtaka aingie kwa kasi zaidi na atoe mguu ghafla. Mkia ukatoka kidogo, kama mtu anayechungulia mlangoni. Nikaamuru usukani wote upande wa pili na mafuta yote. Mkunga akatii. Tukaenda huo upande wa pili, moja kwa moja, mpaka kwenye matairi chakavu yaliyopangwa ukutani.

Jambo likiharibika, mimi hukunja mikono kifuani na kusema kwa sauti ya upole. Ndiyo njia yangu, na nimeshawafundisha walimu watatu walioacha kazi. Mwanafunzi akimwona mwalimu katulia, naye hutulia, kisha hurekebisha. Kinachofanya kazi ni mguu wangu wa kulia peke yake: unaitafuta breki ya mwalimu na kuikanyaga. Siku hizi unaitafuta hata nyumbani. Jana mke wangu alikuwa anamimina chai, kikombe kikakaribia kufurika, nikakanyaga zulia.

Leo pia nilikanyaga. Matairi yalikuwa karibu mno.

Kwenye daftari la ajali nimeandika: matairi yamepangwa vibaya.


Jumatano, 5 Machi

Sauti ya vijiko haijaondoka. Nimelipeleka Jipya kwa fundi wetu, ambaye karakana yake iko nyuma ya uwanja. Fundi huongea akiwa chini ya gari. Namjua kwa miaka tisa na ninaikumbuka miguu yake kuliko uso.

Aliuliza ni nani aliyevuta breki ya mkono gari likiwa mwendoni. Nikasema mwanafunzi. Akasema basi huyo mwanafunzi akaambiwe yafuatayo.

Kwa gari kama Mzee, kazi zimegawanywa. Magurudumu ya mbele huelekeza, ya nyuma husukuma, hakuna anayeingilia kazi ya mwenzake. Ukiyapa ya nyuma mafuta kuliko yanavyoweza kushika ardhi, yanateleza na mkia unatoka. Ukipenda, unamshtua na klachi, au unavuta breki ya mkono kidogo, haimdhuru mtu. Kisha unageuza usukani kuufuata mkia, tena mwingi, na kutoka hapo ni mguu tu. Mafuta yakizidi unazunguka kama pia. Yakipungua gari linanyooka na drifti imekwisha.

Jipya ni habari nyingine. Magurudumu ya mbele nayo yanavuta. Ukivuta breki ya mkono, ya nyuma yanaganda, ya mbele yanayadai yazunguke, na difu ya katikati, inayoyagawia nguvu ya mbele na ya nyuma, inabaki kama mtoto wa wazazi waliogombana. Hivyo ndivyo vijiko. Na ukigeuza usukani wote huku umekanyaga mafuta, ya mbele yatakuvuta hukohuko ulikogeuza. Kwenye matairi, nikasema. Kwenye matairi, miguu ikakubali.

Gari la namna hiyo, alisema, halilazimishwi, linahadaiwa. Unageuza kwanza upande usioutaka. Ghafla unageuza upande unaoutaka na kutoa mguu kwenye mafuta, uzito wote uje puani, mkia ubaki mwepesi utoke wenyewe. Ukishatoka, hapo ndipo unakanyaga mafuta bila woga na bila kuachia, na usukani unaurudisha robo tu. Mafuta yale yale yanayomzungusha Mzee ndiyo yanayoliweka Jipya kwenye mstari. Lakini linataka kasi kubwa zaidi, na halimsubiri anayesitasita.

Kwa hiyo Mzee ndiye rahisi. Nimechagua gari gumu. Nimelichagua kwa kunyoosha mkono.

Mchana nikapita uwanjani, kwa bahati tu, nikajificha nyuma ya lori la mizigo. Taratibu alikuwa kwenye Mzee na mto wake. Uwanja umelowa. Kilomita ishirini na tano, si zaidi. Akaingia kona, akaongeza mafuta kama anayemlisha mgonjwa uji, kijiko kwa kijiko. Mkia wa Mzee ukatoka kwa heshima zote. Akazunguka nusu pipa, akasimama, akanywa chai.

Akaniita. Lori lilikuwa limeshaondoka na sikuwa nimegundua.

Nikamwambia dada, nimekuwa nikiumia moyoni kwamba nimekuachia gari bovu, na kwa ajili yako niko tayari kubadilishana. Akasema nisiumie, yeye na Mzee wanaelewana, lakini ahsante sana, mdogo wangu, nina roho nzuri.

Hapo nimeona ninapambana na mtu hatari.


Alhamisi, 6 Machi

Mpango. Tuna sanduku la maoni mlangoni. Nimeandika barua isiyo na jina, kwa niaba ya Mzazi Anayejali. Mzazi anasema amesikitishwa na taarifa kwamba mwalimu mmoja amepewa gari la aina moja na mwenzake la aina nyingine, jambo lisilo la haki. Anapendekeza magari yabadilishwe. Anamtaja mwalimu wa korido kama mtu mpole na mwenye upeo.

Nikaitumbukiza saa mbili. Saa tatu nikagundua kwamba ufunguo wa sanduku ulipotea mwaka ule lilipowekwa. Ikabidi nimkumbushe Mkurugenzi kwamba kuna sanduku. Akashangaa kwamba tunalo. Fundi akaja kulivunja. Ndani: barua moja, na mjusi aliyekufa.

Mkurugenzi aliisoma amesimama kwenye korido, karibu na meza yangu. Alipomaliza akautazama ubao wa alama za barabarani. Maandishi ya ubao ule ni yangu, niliyaandika mimi mwaka wangu wa kwanza. Akairudia barua. Akautazama tena ubao. Akaiweka barua juu ya meza yangu, jambo lililonipa matumaini.

Saa nane ametuita. Amesema mzazi ana hoja, haki lazima ionekane. Kwa hiyo kila mwalimu ataendesha magari yote mawili. Na kwa kuwa kanuni ya shule inataka gari lisitoke bila mtu kwenye kiti cha mwalimu, nitakapoendesha mimi atakaa Taratibu, atakapoendesha Taratibu nitakaa mimi.

Nilitaka kuliacha gari moja gumu. Sasa ninayo mawili.

Taratibu ameuliza kama anaweza kuhamisha mto kutoka gari hadi gari. Ameruhusiwa.


Ijumaa, 7 Machi

Siku ya mafanikio. Niyaandike vizuri.

Saa nne nimeanza na mkunga. Nikamfafanulia tofauti ya gari la kusukuma na gari la kusukuma na kuvuta kwa pamoja. Alinisikiliza mpaka nikafika nusu, akasema kwa miaka thelathini amekuwa akiwaambia watu wasukume lini na waache lini, kwa hiyo nisimchoshe, nimwonyeshe pipa.

Tukaanza na Mzee. Mafuta kidogo, mkia nje, usukani mwingi. Mara ya tatu amelizunguka pipa zima. Tukaingia kwenye Jipya. Kushoto, ghafla kulia, toa mguu, mkia nje, mafuta yote, robo ya usukani. Mara ya kwanza akalifuta pipa rangi. Mara ya pili amelizunguka kama anafunga mzigo kwa kamba. Mimi nilikuwa pembeni, mikono kifuani, nikitoa maelekezo kwa upole.

Basi tayari. Nimelizunguka pipa kwa magari yote mawili, na sikuhitaji kugusa kitu.

Mkunga akauliza mimi mwenyewe nitajaribu lini. Nikamwambia nimemaliza kujaribu sasa hivi. Akaniangalia kama, nadhani, alivyokuwa akiwaangalia waume waliosimama kwenye korido za hospitali wakisema tumechoka.

Jambo la pili ni la kimkakati. Nimejitolea kumwaga sabuni kesho. Mkurugenzi amefurahi, amesema huu ndio moyo. Ratiba inasema Taratibu ataanza na Mzee. Kiasi kilichopangwa ni ndoo moja. Nitamwaga tatu. Mzee na kile kijiko chake cha uji watazunguka kama feni. Nitakapoingia mimi, sabuni itakuwa imeshachukuliwa na matairi yake.

Mke wangu amenipigia pasi shati. Ameuliza kwa nini Mkuu ambaye ameshapata ukuu anafanyiwa jaribio. Nikasema ni sherehe. Akaendelea kupiga pasi kola, ambayo ilikuwa imeshanyooka.


Jumamosi, 8 Machi

Naandika nikiwa sebuleni. Shingo haigeuki kulia.

Sabuni nilimwaga ndoo tatu. Uwanja ulimeta kama kioo. Watu walikaa kwenye viti vya plastiki kando ya ukuta: Mkurugenzi na karatasi zake, mkunga na mwavuli wake, fundi amesimama wima, sikumtambua. Mama mkwe alifika mapema na kukaa mstari wa mbele. Mke wangu alikaa nyuma yake, mahali ambapo angeweza kuondoka.

Mkurugenzi akatangaza kuwa Mwalimu Taratibu anaanza. Taratibu akainua mkono. Akasema ameona mwenzake ana wageni, tena mkwe, si vizuri wageni wakalishwe juani wakimsubiri mtu wao. Aanze yeye.

Yeye ni mimi.

Nilisema hapana, mkubwa atangulie. Akasema mkubwa amekataa. Mama mkwe akasema kwa sauti ya kutosha kwamba huyo mama amelelewa.

Nikaingia kwenye Mzee. Taratibu akaingia kiti cha mwalimu na mto wake, akaishika chupa ya chai mapajani. Nilipokaa nikahisi kitu hakiko sawa, nikadhani ni kioo. Usukani ulikuwa mbele yangu. Ni mkubwa kuliko unavyoonekana kutoka pembeni.

Nilijua maelekezo ya magari yote mawili kama jina langu. Tatizo lilikuwa mpangilio. Nilifika kwenye kona, mkia ukatoka, na sauti kichwani ikasema mafuta bila woga na bila kuachia. Sauti ile ilikuwa ya Jipya. Mzee hakujua. Alizunguka mara ya kwanza nikaona pipa, Mkurugenzi, mama mkwe. Mara ya pili nikaona mama mkwe, pipa, mwavuli. Mara ya tatu sikupambanua. Mikono niliing'ang'aniza kwenye usukani kwa hofu tu. Taratibu ndiye aliyekanyaga breki ya mwalimu, polepole, tukasimama tumeitazama karakana. Chai haikumwagika.

Ndoo zangu tatu za sabuni zilikuwa zimesambazwa hadi ukutani. Uwanja sasa ulikuwa na utelezi wa kawaida kabisa.

Taratibu akaingia, mimi pembeni. Kilomita ishirini na tano. Kijiko kwa kijiko. Akalizunguka pipa lote, mkia nje, pua ndani, akanionyesha njiani kwamba ua la ofisi linahitaji maji.

Likabaki Jipya, na mimi wa kwanza tena. Hapa niandike ukweli, kwa kuwa shajara hii haisomwi na mtu.

Nilianza vizuri. Vizuri mno. Kasi ilikuwa kubwa kuliko ya mkunga. Nikageuza kushoto, ghafla kulia, nikatoa mguu, uzito ukaja puani na mkia wa Jipya ukatoka mzima mzima, safi, kama droo iliyopakwa mafuta. Nilisikia watu wakivuta pumzi. Nikajawa na imani. Na imani ikinijaa, huwa niko kazini.

Nilikunja mikono kifuani.

Nikasema kwa sauti ya upole: "Vizuri sana. Sasa rudisha usukani robo tu, mafuta yasipungue."

Nikasubiri mwanafunzi afanye.

Mguu wangu wa kulia ukaitafuta breki ya mwalimu, kama kawaida yake, ukaipata mahali palepale, ukaikanyaga mpaka mwisho. Haikuwa breki ya mwalimu. Kwenye kiti kile, mahali pale pana mafuta. Jipya likanguruma. Kwa gari la magurudumu manne lililo kwenye mtelezo, hicho ndicho hasa kilichotakiwa, na naomba ikumbukwe.

Usukani haukuwa na mtu. Kisha ukawa na mkono. Ulitoka upande wa kiti cha mwalimu, umevaa saa ndogo ya mkanda wa kahawia, ukaushika usukani kwa juu na kuurudisha robo. Si zaidi. Mkono wa pili ulikuwa umefunika mdomo wa chupa.

Tukalizunguka pipa. Raundi moja kamili, kwa ubavu, umbali wa hatua moja kutoka kwenye pipa, umbali huohuo kila upande. Nilifurahi sana na mwanafunzi. Tulipoanza raundi ya pili ndipo nilipotazama kiti cha mwanafunzi nione ni nani, nikaona magoti yangu.

Taratibu akasema, bila kunigeukia, "Mdogo wangu, toa mguu."

Nikatoa. Gari likanyooka, likasimama mbele ya viti.

Mkurugenzi akauliza usukani ulikuwa wa nani. Nikasema mguu ulikuwa wangu. Akasema hajauliza mguu. Akaandika. Taratibu alipotaka tubadilishane viti aendeshe Jipya kwa zamu yake, Mkurugenzi akamwambia hakuna haja, ameshamwona akiliendesha kutoka kiti kisicho na usukani, kwenye kiti chenye usukani hana wasiwasi naye.

Taratibu ni Mkuu wa Darasa la Mtelezo.

Alikuja kunipa mkono. Mkono ule ule. Akanong'ona kwamba hata yeye mara moja alimkunjia mumewe mikono ilhali anayeendesha ni yeye mwenyewe, ni ugonjwa wa kazi yetu, na aliwekwa bendeji wiki mbili. Sijui kwa nini aliniambia. Kwa muda mfupi nilijisikia vibaya kuhusu ile sabuni. Muda huo ulipita.


Jumapili, 9 Machi

Chakula cha mchana nyumbani. Niliogopa hadi kijiko cha kwanza.

Mama mkwe alikaa, akanawa, akasema amefikiri sana njia nzima. Akasema mkwe, mimi nimeona magari mengi, lakini sijaona mwalimu anayekunja mikono gari likienda ubavu na kumwachia mwenzake ajifunze. Akasema yule mama asingeweza kitu kile kama wewe usingemwamini. Huo ndio ualimu.

Nikaona ana hoja. Nimeitafakari mchana kutwa na kila nikiitazama inazidi kuwa na uzito. Nilimfundisha. Nilitoa maelekezo, akayafuata, robo kamili. Kwa maana hiyo Mkuu wa Darasa la Mtelezo ni mwanafunzi wangu.

Mke wangu aliuliza swali moja tu: je, mlango?

Nikasema mlango ni jambo la utawala. Akanijazia maji. Bilauri ikakaribia kufurika. Nikakanyaga zulia. Akaniambia, bila hasira, kwamba anayemimina ni yeye, na kwamba hata nikikanyaga hadi tuingie kwa jirani wa chini, maji yatasimama akitaka yeye.

Sikuelewa maji yanahusiana vipi na mlango.


Jumatatu, 10 Machi

Mabadiliko ya kazi. Mzee na Jipya wamehamia kwa Mkuu. Mimi nimepewa Kidude, kagari kadogo ka magurudumu ya mbele, nifundishe kuegesha kwa kurudi nyuma. Mkurugenzi amesema hapo hakuna namna ya kuteleza.

Taratibu ameingia ofisini saa mbili. Saa mbili na nusu akamwita fundi. Amesema hawezi kukaa ndani ya chumba kilichofungwa, anataka aisikie sauti ya uwanja, injini zikilia ajue ni nani anakosea. Fundi ameung'oa mlango. Hawakuwa na pa kuuweka, wakauegemeza kwenye ukuta wa korido, nyuma ya kiti changu.

Nina mlango.

Nimempigia mama mkwe. Amepiga kigelegele.

Halafu, saa tatu kasoro, nikiwa nimeuegemea, nimewaza jambo ambalo nashangaa halikuwajia watu wa video. Kidude huvutwa na magurudumu ya mbele. Kwa hiyo haliwezi drifti. Wote wanasema hivyo, hata fundi. Lakini Kidude likirudi nyuma, yale ya mbele yanakuwa ndiyo ya nyuma. Gari linalovutwa, ukiliendesha kinyumenyume, ni gari linalosukumwa. Ni Mzee! Ni Mzee mtupu, ila dereva anatazama upande wa pili.

Raundi nzima ya pipa kwa ubavu, kinyumenyume. Taratibu hana hiyo. Hakuna aliye nayo. Darasa litahitaji kugawanywa mara mbili, mtelezo wa kwenda na mtelezo wa kurudi, na kila upande na Mkuu wake.

Sijajaribu, na sioni haja ya kuendesha mwenyewe. Mkunga anafika saa nne kwa somo la kuegesha. Nimeshachora mchoro nyuma ya barua ya Mzazi Anayejali, nimeshaviringisha pipa hadi uwanjani, na nimeomba ndoo tatu za sabuni. Nitakaa kwenye kiti changu, mikono kifuani, nimwambie la kufanya.